Kupakua bila kulipa: kwa nini naliita dhuluma na siliiti wizi

Miaka kadhaa iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa mtu nisiyemfahamu, akinishukuru kwa kitabu kidogo cha mazoezi ya hisabati nilichokuwa nimekiandika na kukiuza kwa njia ya mtandao. Alieleza kwa furaha ya kweli kwamba rafiki yake alimtumia faili la kitabu hicho, kwamba yeye naye aliwatumia wenzake wote wa darasani, na kwamba mazoezi ya sura ya nne ndiyo yaliyomfungua akili. Niliusoma ujumbe ule mara tatu. Kwanza nilifurahi, kisha nikahisi nimeumizwa, na kwa siku kadhaa nilishindwa kueleza nimeumizwa kwa lipi, kwa kuwa nilipofungua kompyuta yangu nilikikuta kitabu pale pale, hakijapungua hata herufi moja.

Sikuwa na haki ya kujifanya mgeni katika jambo hilo. Kwa miaka mingi kabla ya kuandika chochote nilikuwa nimejaza diski nzima nyimbo na filamu ambazo sikulipia hata moja, na kila nilipoambiwa kwamba huo ni wizi nilikuwa na jibu tayari: mwizi huondoka na kitu, nami sijaondoka na kitu cha mtu. Jibu hilo lilinitosha mpaka ujumbe ule uliponifikia. Tangu hapo nimejaribu kulichunguza kwa uaminifu, na nimeona kwamba lina ukweli mkubwa ndani yake, ingawa haliwezi kumwondolea hatia mtu anayelitumia.

Nianze na ukweli wake. Sheria ya Wizi ya Uingereza ya mwaka 1968 inasema kwamba mwizi ni mtu anayejitwalia mali ya mwingine kwa hila, akiwa na nia ya kumnyima mwenyewe mali hiyo daima. Katika kesi iliyoripotiwa mwaka 1979, mwanafunzi wa chuo kikuu aliupata mtihani kabla ya siku yake, akausoma akikusudia kuirudisha karatasi yenyewe. Aliposhtakiwa kwa kuiba maelezo yaliyokuwa ndani yake, mahakama iliona kwamba maelezo hayo si mali inayoweza kuibwa kwa maana ya sheria ile. Alichokifanya kilikuwa kibaya, na hakuna aliyekitetea, lakini jina la wizi halikumfaa.

Mahakama Kuu ya Marekani ilifika karibu na hapo mwaka 1985, katika kesi ya Dowling, mtu aliyeuza kwa njia ya posta santuri za Elvis Presley zilizotengenezwa bila idhini ya wenye haki. Alikuwa ametiwa hatiani kwa kukiuka hakimiliki, na juu ya hapo kwa kusafirisha mali ya wizi kutoka jimbo moja hadi jingine. Majaji sita kati ya tisa waliifuta hatia hiyo ya pili. Jaji Blackmun, aliyeandika hukumu, alieleza kwamba anayekiuka hakimiliki haikamati haki hiyo mkononi kama mtu anavyokamata mzigo, wala hamwondolei mwenyewe uwezo wote wa kuitumia. Hatia ya kukiuka hakimiliki ilibaki palepale. Kilichokataliwa ni kuiingiza katika chumba kimoja na wizi wa ng'ombe au wa gari.

Tofauti hii si mchezo wa maneno wa wanasheria, kwa kuwa chimbuko la hakimiliki lenyewe linaionyesha. Sheria ya Uingereza iliyoanza kutumika mwaka 1710 ilimpa mwandishi wa kitabu kipya haki ya pekee ya kukichapisha kwa miaka 14, na miaka 14 mingine iwapo bado yu hai. Baada ya hapo mtu yeyote angeweza kukichapisha. Ng'ombe wa mtu haachi kuwa wake baada ya miaka 14. Hakimiliki ni ahadi ambayo jamii inampa mtunzi kwa muda maalumu ili apate nguvu ya kutunga, na muda huo umerefushwa mara nyingi: Mkataba wa Berne, uliotiwa saini mara ya kwanza mwaka 1886, leo unataka ulinzi wa angalau miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, na Marekani pamoja na nchi za Umoja wa Ulaya hutoa miaka 70. Kama kunakili kungekuwa wizi wenyewe, tusingeweza kueleza ni vipi tendo lililokuwa wizi tarehe 31 Desemba linakuwa halali kabisa asubuhi ya Mwaka Mpya, siku ambayo kazi za watunzi wa kale hutoka katika ulinzi.

Hata wale wanaosisitiza zaidi neno wizi hawataki tendo lenyewe lihukumiwe kama wizi. Mwaka 2009 baraza la mahakama nchini Marekani lilimwamuru mwanamke mmoja alipe dola 1,920,000 kwa nyimbo 24 alizozishiriki mtandaoni, yaani dola 80,000 kwa kila wimbo. Kesi hiyo ilipanda na kushuka kwa miaka, na mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikairudisha katika dola 222,000. Mtu aliyechukua diski mbili za muziki kwenye rafu ya duka, zenye nyimbo hizo hizo 24, asingekaribia faini ya namna hiyo. Nilipoyalinganisha mambo hayo mawili niliona kwamba neno wizi linatumiwa ili kutia aibu, na likishatia aibu linawekwa kando ili kitu kikali kuliko adhabu ya wizi kichukue nafasi yake.

Hapo ndipo nilipokuwa nikisimama zamani, nikiwa nimeridhika. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kitu kisipokuwa wizi basi si kitu.

Fikiria mtu anayenyolewa nywele na kinyozi, kisha anainuka kitini na kuondoka bila kulipa. Mkasi wa kinyozi upo, ujuzi wake upo, kiti chake kipo, na hakuna kilichobebwa. Sidhani kama tungemwita mtu huyo mwizi kwa urahisi, lakini Kiswahili hakikosi neno la kumwambia: amemdhulumu kinyozi. Dhuluma ni neno pana, hutumika hata kwa watawala wanaowakandamiza watu, lakini katika maisha ya kila siku maana yake kubwa ni hii ya kumnyima mtu haki yake, hasa ujira wa kazi aliyokwisha kuifanya. Tunasema fulani amedhulumiwa jasho lake. Jasho haliibwi, kwa kuwa limekwisha kumwagika. Kinachowezekana ni kunufaika nalo na kukataa kulilipa. Nilipolifikia neno hili nilielewa kile nilichokihisi siku nilipousoma ule ujumbe wa shukrani. Miezi saba ya jioni zangu ilikuwa ndani ya faili lile. Faili lilikuwa zima, ila miezi ile haikuwa imelipwa.

Nitaambiwa kwamba mfano wa kinyozi haufanani, kwa sababu kinyozi alitumia nusu saa yake kwa ajili ya kichwa kile, ilhali mwimbaji hatumii hata dakika moja zaidi mtu mmoja anapopakua wimbo uliokwisha kurekodiwa. Hoja hii ni nzito na nimeitafakari kwa muda mrefu. Naona ni afadhali tumfikirie abiria anayepanda basi lenye viti vitupu bila kulipa nauli. Basi lingekwenda hata kama asingepanda, na mafuta hayakuongezeka kwa sababu yake. Hata hivyo safari ile ipo kwa sababu wengine wamekubali kugawana gharama yake, naye ameipata faida yao huku akijitoa katika mzigo wao. Wimbo nao uko hivyo hivyo: studio, wapiga vyombo, mhandisi wa sauti na miaka ya kujifunza hulipwa kwanza, mara nyingi kwa fedha za mkopo, kwa matumaini kwamba wasikilizaji wengi watarudisha kidogo kidogo. Kila mmoja akijiambia kwamba senti yake haiwezi kuonekana, anasema kweli kuhusu senti yake.

Hasara ya jumla ni ngumu kuipima. Wenye makampuni walizoea kuhesabu kila nakala iliyopakuliwa kuwa ni nakala moja isiyouzwa, na hesabu hiyo haikubaliki, maana mimi mwenyewe nisingenunua hata sehemu ndogo ya nilichokijaza katika diski yangu. Mwaka 2007 wachumi Oberholzer-Gee na Strumpf walichapisha utafiti uliodai kwamba athari ya kushirikiana mafaili katika mauzo ya albamu ilikuwa ndogo kiasi cha kutotofautishwa na sifuri, na wachumi wengine wakaupinga vikali. Kinachojulikana ni kwamba mapato ya muziki uliorekodiwa nchini Marekani yalikuwa zaidi ya dola bilioni 14 mwaka 1999, mwaka ambao Napster, huduma ya watu kupeana nyimbo bure mtandaoni, ilianza, na kufikia mwaka 2014 yalikuwa chini ya dola bilioni 7. Napster yenyewe ilifungwa mwaka 2001, na kuanzia mwaka 2003 duka la iTunes liliwawezesha watu kununua wimbo mmoja kwa senti 99 bila kununua albamu nzima, kwa hiyo si haki kuubebesha upakuaji mzigo wote wa anguko lile. Ila kusema kwamba haukuchangia chochote ni kujidanganya.

Ubora wa neno dhuluma, kwangu mimi, ni kwamba linatulazimisha kuuliza swali ambalo neno wizi halituulizi: ni nani hasa aliyenyimwa haki yake? Tuchukue makala za kitaaluma. Mtafiti huandika makala bila kulipwa na jarida, watafiti wenzake huipitia bila kulipwa, kisha mchapishaji huiuza kwa bei ambayo msomaji wa kawaida haiwezi. Alexandra Elbakyan alipoanzisha tovuti ya Sci-Hub mwaka 2011 ili mtu yeyote azipate makala hizo bure, wachapishaji walimshtaki, na kwa mujibu wa sheria walikuwa na hoja. Lakini jasho lililomo katika makala zile si lao kwa sehemu kubwa, na mwenye jasho mara nyingi hufurahi kusomwa. Kwa anayesema wizi ni wizi, makala hiyo na albamu ya kwanza ya mwimbaji anayejilipia studio ni kitu kimoja. Mimi siwezi kuyaweka mambo hayo mawili katika mizani moja.

Swali hilo hilo huwageukia wenye nguvu. Tangu mwaka 2024 Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, hailipi chochote kwa rekodi isiyofikisha mara 1,000 za kusikilizwa katika miezi 12, na fedha ambazo zingekwenda kwa rekodi hizo hugawiwa nyingine. Mwaka 2009 Amazon ilifuta kutoka mbali vitabu vya kielektroniki vya George Orwell katika vifaa vya watu waliokwisha kuvilipia, kwa sababu aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Fedha zilirudishwa, lakini wasomaji walijifunza kwamba walichokiita chao hakikuwa chao. Mikataba iliyomwachia mwimbaji sehemu ndogo mno ya mauzo ya wimbo wake ni ya zamani kuliko intaneti. Yote haya nayahesabu katika mlango mmoja na kosa langu. Nilikuwa nikiyataja ili kujitetea, nikisema kwamba makampuni yanamnyonya msanii kuliko mimi, na leo naona udhaifu wa utetezi huo: msanii aliyedhulumiwa na wawili hapati nafuu yoyote kwa sababu wa pili amemwonea huruma kwa maneno.

Kazi ambazo haziuzwi tena popote, au haziuzwi kabisa katika nchi ya msikilizaji, sitazizungumzia kwa kirefu. Mtu asiye na njia yoyote halali ya kulipa simwiti mdhulumaji, kwa kuwa hakuna ujira aliouzuia.

Yule msomaji wangu nilimjibu baada ya wiki mbili. Sikumwita mwizi, maana hakuwa mwizi, na nadhani kama ningemwita hivyo angejitetea kwa hoja zile zile nilizozitumia mimi, naye angekuwa na haki ya kujitetea. Nilimweleza ni muda gani nilioutumia kukiandika kitabu, nikamtajia bei yake, na nikamwomba awaambie wenzake kwamba anayeweza kulipa alipe, na asiyeweza aendelee kukitumia kwa ridhaa yangu. Alilipa siku hiyo hiyo, na katika mwezi uliofuata wakalipa wengine wanne.

Kisha nilirudi katika diski yangu. Nimekuwa nikipitia majina ya waimbaji kwa mpangilio wa alfabeti, nikinunua upya kazi za wale walio hai na zinazoendelea kuuzwa. Mmoja wao hauzi tena albamu yake ya kwanza mahali popote, kwa hiyo nilimwandikia moja kwa moja nikamweleza nilivyoipata na kumuuliza namna ya kumlipa. Alinitumia namba ya akaunti bila maneno mengi. Kazi hiyo inakwenda polepole kwa sababu uwezo wangu si mkubwa, na hadi leo nimefika herufi K.