Prosesa mbili ndani ya BBC Micro ya mjomba

Mjomba aliachiwa BBC Micro Model B, kompyuta ya Kiingereza ya miaka ya 80, na mwalimu Mwingereza aliyekuwa anarudi kwao. Miaka nenda rudi ikakaa juu ya kabati hapa Pasua, Moshi, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mwaka jana akanipa. Nikaiwasha, ikalia buu-biip yake, ikaandika BASIC, ile lugha yake ya programu, na baada ya dakika kumi ikafuka moshi wa harufu kali. Wanaozijua mashine hizi hawashtuki: ni kapasita za kuchuja umeme kwenye pawa saplai, zikizeeka hupasuka. Fundi redio wa Mbuyuni akabadilisha mbili, yakaisha.

Kilichonikaa rohoni ni ile soketi ya pini 40 chini ya kasha, imeandikwa TUBE. Acorn, kampuni iliyoitengeneza, waliiweka mashine ilipotoka 1981 ili uchomeke prosesa ya pili, yaani chipu nyingine ya kupiga hesabu, nazo zifanye kazi kwa pamoja. Commodore 128, kompyuta nyingine ya zamani, nayo ina prosesa mbili, ila zinapokezana: moja, Z80, ikishika usukani, mwenzake anasubiri. Kwenye BBC kila moja ina memori yake. Prosesa ya ndani, aina ya 6502 ya megahezi 2, inabaki na kibodi, skrini, sauti na kaseti. Ya pili inapiga hesabu tu. Katikati kuna chipu inayopitisha ujumbe, kama dirisha la jikoni kwa mama ntilie: oda inaingia, sahani inatoka, mpishi na mteja hawaonani.

Prosesa ya pili ya asili huku hupati, kwa hiyo nikachukua Raspberry Pi Zero, kompyuta ndogo ya bodi moja, na programu ya bure inayoifanya ijifanye 6502. BBC inatumia volti 5, Pi volti 3.3, ukiziunga hivi hivi umeiua Pi. Fundi akachomelea chipu (IC) za kushusha volti kwenye bodi ya matundu. Waya bapa tuliutoa kwenye kompyuta mbovu, ule wa hard disk, una nyuzi 40 kamili. Tundu moja la plagi lilikuwa limezibwa kiwandani, nikalitoboa kwa sindano ya moto. Waya wenyewe tukaukata ukabaki kama shubiri moja, maana ukiwa mrefu ishara zinavurugika.

Nikawasha. Taa ya Pi ikawaka, skrini ikaandika yale yale ya siku zote. Wiki mbili nilipima kila uzi kwa mita. Kumbe nyuzi hazikuwa na kosa! Maelekezo ya kuongea na TUBE hayamo kwenye ROM kuu, chipu yenye programu za kudumu za mashine, yamo kwenye ROM ya diski au ya mtandao, na mashine ya mjomba ni ya kaseti tu. Rafiki yangu wa Arusha mwenye mashine ya kuchomea EPROM, yaani ROM tupu za kuandikia mwenyewe, akanichomea ROM inayoitwa DNFS kwenye chipu ya 27128, akampa konda wa basi. Nikaipachika jirani na ile ya BASIC.

Safari hii neno TUBE likatokea. Nikaingia MODE 0, moja ya aina za skrini yake, nikaandika PRINT HIMEM-PAGE, amri ya kuonyesha baiti ngapi zimebaki kwa programu. Zamani jibu lilikuwa 8704, kwa kuwa skrini inakula memori kilobaiti 20. Sasa: 30720. Pi nikaiweka megahezi 3, kasi ya prosesa ya pili ya Acorn wenyewe, maana kuiachia ikimbie yote naona ni udanganyifu. Hesabu ya dakika tatu ikaisha kwa mbili. Halafu cheki hili: chipu ya kwanza ya ARM, prosesa waliyoibuni Acorn hao hao, Aprili 1985, ilijaribiwa ikiwa imechomekwa kwenye TUBE ya BBC. Ndani ya Pi kuna ARM. Mjukuu amerudi kumbebea babu mzigo.

Mjomba alikuja na kaseti zake za gemu, nyingi zikagoma. Nikamwonyesha sababu, gemu hizo huandika moja kwa moja kwenye memori ya skrini: kwenye MODE 7, amri ?&7C00=65 ilikuwa inaandika 65 kwenye memori hiyo, na herufi A inatokea pembeni juu. Sasa haitokei kitu, ile 65 imeandikwa kwenye memori ya Pi.

"Sasa mjomba, umeitengeneza au umeiharibu?" akaniuliza.

Nikazima, nikachomoa waya, nikamwekea kaseti yake.