Makala ya dola 40? Weka kadi mfukoni kwanza

Ukianza masomo Marekani, haitapita wiki kabla hujabofya makala ya jarida na kuambiwa ulipe dola 35 au 40. Usilipe. Mara nyingi chuo chako kimeshalipia jarida hilo. Ni vile tu tovuti ya mchapishaji haijakutambua.

Ukiwa kampasi inakutambua kwa anwani ya IP. Ukiwa kwenye nyumba ya kupanga, wewe ni mpita njia. Basi pitia tovuti ya maktaba: tafuta jina la jarida (si la makala), bofya kiungo, weka nenosiri la chuo. Proksi ya maktaba itakupitisha kana kwamba umeketi ndani ya jengo. Kwenye Google Scholar, fungua "Settings", kisha "Library links", uchague chuo chako. Kiungo cha maktaba kitaanza kuonekana kulia kwa kila makala iliyopo. Kwenye kivinjari ongeza Unpaywall, programu ndogo inayotafuta nakala za bure: kikitokea kikufuli cha kijani, kuna nakala ya bure na ya halali.

Makala za miaka ya nyuma zikifunguka na ya mwaka huu ikagoma, usihangaike kubadilisha nenosiri. Majarida mengi hununuliwa kwa vifurushi, na mchapishaji huzuia matoleo mapya yasiingie humo, mara nyingi kwa miezi 12.

Hapo ndipo unapoomba kwenye maktaba nyingine, huduma ambayo kila mtu huiita ILL (interlibrary loan): maktaba yako inakuagizia makala kutoka maktaba iliyo nayo. Kwa mwanafunzi kwa kawaida ni bure. Bandika DOI (namba ya utambulisho wa makala) kwenye fomu, nafasi nyingi zitajijaza zenyewe. PDF huja baada ya siku moja hadi tatu. Ipakue mara moja, maana kiungo hufutwa baada ya wiki chache. Maombi hukwama kwa vitu vidogo: jina la jarida lililofupishwa, namba za kurasa zilizokosewa. Kibaya zaidi ni kuagiza muhtasari wa mkutano ukidhani ni makala kamili. Kurasa zikisomeka "S112–S112", utaletewa aya moja.

Bure kwako, lakini kuna anayelipa. Kwa mwongozo wa CONTU, tume ya Marekani ya masuala ya hakimiliki, maktaba huagiza hadi makala tano kwa mwaka kutoka jarida moja, zile zilizochapishwa ndani ya miaka mitano iliyopita. Ya sita inalipiwa mrabaha. Ndiyo maana mkutubi anaweza kukuuliza mwezi wa Desemba kama unaweza kusubiri Januari. Kama huna haraka, mkubalie.

Ndugu na marafiki nyumbani wataomba nenosiri lako. Usiwape. Akaunti moja ikionekana Ohio na Mwanza ndani ya saa moja, au ikipakua mamia ya makala kwa mpigo, mchapishaji anaweza kukifungia chuo kizima, na wewe utaitwa. Waelekeze kwa mkutubi wa chuo chao aulizie Research4Life, mpango unaozifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kitaaluma. Kwa taasisi za Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ya Kinshasa (DRC) ni bure, ilimradi taasisi yenyewe imejisajili.

Ukihitimu, akaunti hufungwa, pengine baada ya miezi michache tu. Zihamishie PDF zako Zotero, programu ya kutunza makala na marejeo, kabla ya siku hiyo. Baada ya hapo, JSTOR, hazina ya majarida mtandaoni, humpa yeyote aliyejisajili makala 100 za kusoma mtandaoni kila siku 30, na maktaba nyingi za vyuo vya serikali humruhusu mtu wa nje kutumia kompyuta za humo ndani. Nenda na kitambulisho na flashi.