Ziwa la kitambaa chini ya buibui

Ziwa (titi) likishakatwa kwa upasuaji, wiki 6 hadi 8 za mwanzo kovu halitaki uzito. Vaa ziwa la kitambaa lililojazwa pamba tupu, jepesi. Daktari akiruhusu ndipo uongeze uzito, maana bila uzito sidiria hupanda upande mmoja na bega likaenda mrama.

Kitambaa cha pamba utapata Biashara Street. Nailoni achana nayo, kwa joto hili la Mombasa itakuwasha. Kata duara mbili za ukubwa wa kikombe cha sidiria, ongeza sentimita 1 ya mshono, shona, acha mwanya wa vidole viwili. Jaza pamba, kisha, uzito ukisharuhusiwa, tia kifuko cha mtama upande wa chini. Simama mbele ya kioo: mikanda ya mabega ikilingana, basi. Kabla ya kufua toa mtama, la sivyo utavunda (na dumuzi hawangoji kualikwa).

Kioo hicho kina kazi nyingine: kuzoea kulitazama kovu. Anza na dakika moja, leso kifuani, uishushe kidogo kidogo. Machozi yakija, jifunge leso yako, ukajaribu siku nyingine. Lakini kovu likiwa jekundu na la moto, au mkono ukivimba, nenda kliniki siku hiyo hiyo.