Tomioka: nilianza na tangi, si mashine

Treni ya Joshin kutoka Takasaki, Japani, inachukua kama dakika 40 hadi Joshu-Tomioka, na kiwanda cha hariri cha Tomioka kiko umbali wa kutembea. Kilifunguliwa mwaka 1872. Wengi huvutwa na jengo refu la matofali. Mimi nilitaka kwanza kuliona tangi la chuma la mwaka 1875, mabamba yameunganishwa kwa ribiti, likibeba kama tani 400 za maji. Paul Brunat, Mfaransa aliyechagua eneo hili, alijua hariri haivutwi bila maji mengi na safi.

Ndani kulikuwa na karai 300 za kuvutia uzi. Hapo maji moto yanatakiwa kulainisha gundi ya kifukofuko (ganda analojisokotea kiwavi wa hariri), yaani serisini, bila kuimaliza, kwa sababu gundi hiyohiyo ndiyo hukauka na kushikanisha nyuzi za vifukofuko kadhaa ziwe uzi mmoja. Maji yakizidi ualkali, gundi inayeyuka kupita kiasi na uzi unatoka na mafundo. Yakiwa na chuma, uzi huingia umanjano wa kutu.

Tomioka ilitoa uzi mbichi tu. Gundi, ambayo ni robo hivi ya uzito, huondolewa baadaye, na hapo ndipo maji magumu, yaani yenye kalsiamu nyingi, huharibu zaidi. Mashada ya uzi hupashwa moto taratibu kwenye maji ya sabuni ya nyuzijoto 95, bila kutokota, kwa dakika 30 hadi 60. Chukua lita 100 za maji yenye ugumu wa miligramu 300 kwa lita: karibu gramu 180 za sabuni zinaliwa na kalsiamu kabla hazijagusa hariri. Kibaya zaidi ni zinakoishia: utando mweupe unaonata juu ya uzi. Mng'ao unafifia, rangi inakataa kushika, shada linatoka na mabakabaka. Kuongeza sabuni kunaongeza utando. Kuchemsha maji kabla husaidia sehemu tu, kwani ugumu wa salfeti hauondoki kwa moto.

Kwenye kusuuza ndiko kazi nzuri nyingi huharibikia. Suuza ya kwanza iwe ya maji laini ya moto, yenye magadi soda kidogo sana. Ukitumbukiza shada kwenye maji magumu ya baridi, sabuni iliyobaki inagandia palepale. Siki inayoipa hariri ule mlio wake ikikamuliwa mkononi hutiwa mwisho kabisa. Ikikuta sabuni, inaacha mafuta kwenye uzi.