Karavani Langu la Zamani na Namba Isiyolingana na Kadi

Karavani langu, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, nililinunua katika jimbo la Georgia, Marekani, kwa dola 3,200. Ni fupi, la chapa ya Shasta, la katikati ya miaka ya 1960, lenye mabawa mawili ya bati kwenye pembe za nyuma, nami nililivuta hadi Texas ninakoishi nikiwa na hati ya mauziano na kadi ya usajili iliyofifia kwenye mikunjo. Hati ya umiliki haikuwapo, wala sikushtuka, kwa kuwa Georgia haitoi hati hiyo kwa magari na matela ya mwaka 1985 kurudi nyuma. Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba kilichoandikwa kwenye kadi ndicho kilichogongwa kwenye chuma.

Katika ofisi ya kaunti, karani aliipitia kadi, kisha akaniuliza kama namba ya chesisi nimeiona kwa macho yangu. Sikuwa na jibu. Kibao cha namba hiyo karibu na mlango kiling'olewa zamani, yakabaki matundu manne ya ribiti. Alinirudishia karatasi zangu na kuniambia nikaitafute.

Jumamosi iliyofuata nililala chali chini ya vile vyuma viwili vya mbele vinavyokutana pale karavani linapofungwa kwenye gari, nikiwa na brashi ya waya na kopo la mafuta ya taa. Nilikwangua rangi nyeupe, nikakuta ya kijani, na chini yake kutu. Macho hayakuona kitu, ila vidole viliona: palikuwa na mikwaruzo iliyonyooka mno kuwa ya bahati mbaya. Niliweka karatasi nyembamba juu yake na kuisugua kwa ubavu wa penseli, kama tulivyokuwa tukinakili sarafu utotoni, na tarakimu zikajitokeza moja baada ya nyingine. Chuma kilikuwa na herufi moja mbele ambayo kadi haikuwa nayo, na pale kadi ilipoandika 8, chuma kilisema 3.

Baadaye nilielewa jinsi jambo hili linavyotokea. Namba ya chesisi ya tarakimu na herufi 17 tuliyoizoea ilianza kuwa sharti Marekani kwa magari ya mwaka 1981. Kabla ya hapo kila kiwanda kilijipangia namba zake, fupi au ndefu, hivyo karani aliyekosea kunakili hakuwa na kipimo cha kumwonyesha kwamba amekosea, na kosa lake lilirithiwa kila kadi ilipohuishwa.

Rafiki yangu mmoja, fundi wa kuchomelea, aliniona ninavyohangaika akasema, "Kaka, lete nyundo na zile herufi za chuma, tugonge inayofanana na kadi, mambo yaishe." Alikuwa na nia njema, lakini kubadilisha namba ya chesisi ni kosa la jinai chini ya sheria ya shirikisho, na mimi si raia bado. Nilimwambia tutakunywa chai tu.

Nilimpigia aliyeniuzia, nikitumaini angerekebisha kadi huko Georgia. Ndipo nilipojua kwamba hakuwahi kulihamishia karavani kwenye jina lake. Kadi ilikuwa na jina la mzee aliyemuuzia, naye alikwisha kufariki. Mlango huo ukafungwa.

Ilibaki njia ya hati ya umiliki yenye dhamana, ambayo hupewa mtu asiye na karatasi kamili akinunua dhamana kutoka kampuni. Askari mwenye utaalamu wa magari ya wizi alikuja na tochi, akalinganisha chuma na karatasi yangu ya penseli, akaitafuta namba hiyo katika kumbukumbu za mali zilizoibwa, kisha akatia saini fomu. Mthamini aliliwekea karavani thamani ya dola 5,000. Kwa kuwa Texas hudai dhamana ya mara moja na nusu ya thamani, dhamana yangu ikawa dola 7,500, ingawa ada niliyoilipa kampuni ya dhamana ilikuwa 100 tu. Wengi hudhani fedha hiyo yote hutoka mfukoni, na hofu hiyo huwafanya waache matela yao yaozee uani. Maana ya dhamana ni kwamba akijitokeza mwenye haki juu ya karavani ndani ya miaka mitatu, atalipwa kutoka kwenye dhamana, kisha kampuni itanigeukia mimi.

Siku ya kuichukua hati sikuondoka dirishani. Niliitandaza karatasi yangu ya penseli, iliyokwisha kuchafuka kwa kutu, kando ya hati mpya, nikasoma herufi kwa herufi huku foleni nyuma yangu ikikohoa. Namba ilikuwa sahihi. Mwaka uliandikwa 1966, ingawa mimi naamini ni wa 1965 na kwamba aliyeandika kadi ya kwanza alitumia mwaka wa kuuzwa. Nilikunja hati nikaenda kufunga kibati cha namba.