Nilivyojifunza Kuwatofautisha Mwewe wa Hapa na Wageni wa Oktoba

Aprili 2021 kuku wangu mmoja alitotoa vifaranga 14. Mwezi ulipoisha walikuwa wamebaki 3. Naishi Kiamunyi, nje kidogo ya Nakuru kwenye barabara ya Eldama Ravine, na hapa kwetu mtu akipoteza vifaranga haulizi mara mbili: ni mwewe. Mkikuyu atasema hũngũ, Mjaluo atasema otenga, lakini vidole vyote vinaelekezwa juu, kwa ndege yeyote mwenye mdomo uliopinda.

Jirani yangu, mzee aliyehamia mtaa huu kabla yangu, alinipa dawa anayoijua. "Mama, chukua matumbo kidogo, tia sumu, weka juu ya mabati. Wiki moja tu, hutawaona tena."

Nililala na neno hilo usiku kucha. Nilipokuwa msichana, mti wa nyuma ya machinjio ya kwetu haukukosa tumbusi hata siku moja. Walikaa pale wamejikunyata wakingoja zamu yao, na uwanja ulibaki safi. Leo mti upo, tumbusi hawapo. Wafugaji walipozoea kutia sumu kwenye mizoga ili wawaue simba na fisi waliowalia ng'ombe, tumbusi ndio waliotangulia kufika, tena kwa makundi, na wakafa kwa makundi. Sikutaka paa langu lifanye kazi ya mizoga ile. Nikamwambia mzee kwamba kabla sijamhukumu mwizi, nataka kumjua.

Nilianza na daftari la shule. Kila nilipomwona ndege mla nyama niliandika tarehe, saa, hali ya hewa, alikotokea na alichokuwa akifanya. Kurasa za miezi miwili ya kwanza hazinifai hata leo: zimejaa "kahawia, mkubwa" kutoka juu hadi chini. Rangi ndiyo iliyonipoteza. Mwewe mchanga hafanani na mzazi wake, na shakivale wa milima yetu, ndege mla nyama wa mbawa pana, ambaye wengi wao wana kifua cheupe, huwa pia na wenzake weusi tii waliozaliwa hivyo, ingawa mkia wa wote wakikomaa ni mwekundu kama tofali. Mpwa wangu, wakati huo akisoma Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro, aliniletea darubini ya 8x42 aliyoiazima. Akalisoma daftari langu lote, kisha akasema, "Shangazi, rangi iache mwisho. Anza na mkia, halafu mbawa, halafu kazi anayoifanya."

Akaongeza jambo la pili, na hilo ndilo lililonivusha: nisihangaike na wageni kabla sijawazoea wenyeji. Mwenyeji utamwona Juni na Julai, wakati walio wengi wa wale wa kutoka Ulaya na Asia wako kwao wakilea. Ukishamjua kwa mwendo wake, siku mgeni akitokea moyo utakwambia huyu si wa hapa, hata kama jina lake hulijui.

Basi Juni hadi Septemba nilikaa na wenyeji. Mwewe mwenyewe alikuwa rahisi: mkia wake umepasuka katikati na anauzungusha huku na huku kama mtu anayeshika usukani. Kwenye jalala la Gioto utawakuta wengi wakiokota. Mwewe wetu aliyekomaa ana mdomo wa njano. Shakivale hutafuta nguzo au mti mkavu, na akiruka hulia kwa sauti ya kubweka, kama mbwa mdogo aliye mbali. Tai mweusi mwenye shungi refu kichwani alikuwa na nguzo yake ya stima kwenye kona ya shamba la mahindi. Alikaa hapo asubuhi na jioni, upepo ukilichezea lile shungi. Kwenye mikaratusi iliyo chini ya nyumba kulikuwa na kipanga mkubwa mweusi, kifua cheupe, mkimya sana, aliyepita kati ya miti bila hata kupiga mbawa. Huyo nilimwona mara tano tu katika miezi minne. Nilipaswa kujiuliza kwa nini anajificha hivyo.

Ziwani nilikwenda kwa ajili ya furukombe, yule tai mla samaki. Tangu maji ya Ziwa Nakuru yalipoanza kupanda miaka ya 2010 na kulimeza lango la zamani la hifadhi, migunga mingi ya ukingoni imekufa ikiwa imesimama ndani ya maji. Heroe (flamingo) wengi waliondoka. Furukombe wao wamepata viti: wanakaa juu ya ile miti mikavu na kuwatazama samaki chini yao. Nikisikia mlio wake hata leo nasimama.

Sasa wageni. Oktoba 2021, katikati ya mwezi, niliiona mvua ikikusanyika juu ya Menengai, mlima wa volkeno ulio karibu nasi, na mbele ya wingu wakaja ndege 6 wembamba, mbawa ndefu zilizochongoka kama mbayuwayu mkubwa, wakidaka kitu hewani na kukipeleka mdomoni kwa mguu bila kutua. Kumbikumbi walikuwa wameanza kutoka. Mmoja alipogeuka niliona manyoya mekundu mapajani. Alikuwa kozi wa kutoka Ulaya na Asia, yule anayefuata mvua jinsi watoto wetu wanavyofuata kumbikumbi na sufuria. Kulikuwa na kumbikumbi uani kwangu pia. Sisi tukiokota chini, wao wakiokota juu.

Wiki iliyofuata nilichukua boda hadi juu Menengai. Kilele kina mita 2,278, na ukisimama ukingoni unaiona kreta yote iliyozama chini na mvuke wa visima vya jotoardhi unaopanda. Nilifika saa 1 asubuhi nikakaa hadi saa 3 sijaona chochote zaidi ya mashakivale wetu wawili. Mpwa wangu alikuwa amenionya nisikate tamaa. Ndege wa mbawa pana hawasafiri kwa kupiga mbawa, ni kazi inayowamaliza nguvu. Wanangoja ardhi ipate joto, hewa ya moto ipande, nao waingie ndani yake wazunguke wakipanda kama majivu juu ya moto. Wakifika juu kabisa wananyoosha mbawa na kuteleza kuelekea kusini hadi wapate hewa nyingine inayopanda. Ndiyo maana wanakwepa bahari: juu ya maji hewa hiyo haipo. Wanashuka kwa njia ya nchi kavu, wanavuka sehemu nyembamba kama Suez na Bab-el-Mandeb, na Bonde la Ufa linawapa barabara.

Saa 4 na dakika chache wakatokea upande wa Baringo, kaskazini. Kwanza nilidhani ni mbu kwenye kioo cha darubini. Walikuwa mashakivale wageni, wadogo kuliko wetu, mkia hauna ule wekundu wa tofali, na hawakutoa sauti hata moja. Nilihesabu 43 katika mzunguko mmoja, kisha wakamiminika juu ya kichwa changu kwenda kusini. Hawa wanazaliwa Urusi na nyika za Asia ya kati, na wengi wao hawatulii mpaka wafike kusini mwa Afrika. Machi na Aprili wanarudi. Nililia pale juu peke yangu, na sioni haya kulisema. Nilikuwa nimeishi chini ya njia hiyo tangu kuzaliwa na sikuwahi kuinua macho.

Mwisho wa Oktoba wakaja tai wa nyika, wakubwa, rangi ya udongo. Hawa unawajua kwa pembe ya mdomo: ule mstari wa njano unafika hadi nyuma ya jicho. Ukimwona tai mkubwa hivyo akitembea shambani baada ya mvua kama kuku, usishangae, anakula kumbikumbi. Tai huyu yumo kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini tangu 2015. Na kwenye mashamba ya ngano ya Njoro na Mau Narok, kuanzia Novemba, wapo wale wembamba wenye mkia mrefu wanaopita chini chini juu ya masuke, mbawa zimeinuliwa kama herufi V. Madume wengine ni wa kijivu cheupe. Hao niliwaona nikiwa ndani ya matatu, nikashuka kabla ya steji yangu.

Mambo yaliharibika Oktoba 2022. Kundi la mashakivale lilishuka jioni kulala kwenye miti ya mtaa wetu, labda 20, na watu waliona jeshi la mwewe limekuja kumaliza kuku. Vijana walirusha mawe. Mzee jirani akanunua sumu kweli, nikamkuta nayo mkononi.

Sikubishana naye. Nilimwomba tu aje nami hadi kwenye nguzo ya yule tai mwenye shungi, maana naye alikuwa kwenye orodha ya wa kuuawa. Ndege hawa huyeyusha mifupa mingi tumboni, lakini manyoya, meno na vipande vigumu vya mifupa hubaki, kwa hiyo huvitapika vikiwa vimefungana donge kama kidole gumba. Chini ya nguzo tuliokota madonge 9. Tukaketi kwenye gogo tukayavunja moja moja kwa vijiti, nikiweka mifupa juu ya gazeti. Manyoya ya panya, mataya ya panya, yale meno ya mbele ya rangi ya chungwa. Donge la tatu, panya. La saba, panya. Mzee alipofika la tisa aliliponda polepole sana kuliko mengine, akitafuta hata unyoya mmoja wa kuku. Hakuupata. Mwaka ule panya walikuwa wamemtoboa magunia mawili ya mahindi ghalani. Akaniuliza, "Kwa hivyo mwizi ni nani, mama?"

Nilikuwa na jibu, kwa sababu ya daftari. Nilikuwa nimeandika kila kifaranga kilichopotea kwa miezi 18. Nilipoziweka tarehe hizo kando ya tarehe za wageni, hazikukutana. Vilipotea Februari, Juni, Agosti. Wageni walipokuwa wengi kabisa sikupoteza hata kimoja. Na mara zote nilizoshuhudia kwa macho, mchukuaji alikuwa mmoja kati ya wawili: mwewe wa mdomo wa njano, anayeshuka wazi uani na kunyakua kwa miguu bila kutua, au yule kipanga mkimya wa kwenye mikaratusi, anayetokea nyuma ya nyumba na kuchukua hata kuku aliyekua nusu. Wote wenyeji. Wote walikuwa na viota, na walikuja mara nyingi zaidi walipokuwa na makinda.

Kumjua mwizi kulinipa namna ya kumzuia. Mwewe anahitaji nafasi ya kushuka na kupanda tena, basi shemeji yangu wa Kisumu alinitumia nyavu kuukuu za samaki, nikazitandaza juu ya ua mdogo wa mita 4 kwa 6. Kipanga anahitaji kona ya kujificha, basi nilikata kichaka kilichokuwa ukutani nyuma na kupanda matete upande wa kuku, wapate wao pa kukimbilia. Vifaranga hulala chini ya tenga na hawatoki kwenye nyavu mpaka watimize wiki 8. Nikanunua kanga wawili, na hakuna mlinzi anayewapita kwa kupiga kelele. Mwaka 2023 nilitotoa 12, wakakua 10. Sumu ya panya nayo niliacha kuitumia, kwani panya aliyeila hafi papo hapo. Huyumbayumba mchana kweupe, na tai mwenye shungi humchukua na sumu yake tumboni.

Kuna jambo moja sijalishinda. Mei 2023 nilimwokota shakivale wetu wa kike chini ya nguzo yenye transfoma, kidole kimoja cha mguu kimeungua. Mbawa zake zilikuwa zimegusa nyaya mbili kwa pamoja. Nilimjua kwa pengo kwenye mkia, nilimwandika mara zaidi ya 60. Nimepeleka ripoti mara mbili kwa wahusika, nikiomba nyaya za nguzo hiyo zivalishwe plastiki, na nitapeleka ya tatu. Dume lake lilikaa kwenye mti wa jirani wiki tatu likibweka.

Siku hizi niliyoandika hayabaki daftarini. Mpwa wangu aliniunganisha na Kenya Bird Map, mradi unaoigawa nchi kwa visanduku vya kilomita kama 9 kwa 9. Unatembea kwenye kisanduku chako angalau saa 2, unaandika kila ndege, unatuma kwa simu. Wawindaji wangu wa Kiamunyi wamo humo, na mzee jirani hunipigia mlango akiona kitu. Machi iliyopita alinijia na swali ambalo lilinifanya nirudi kwenye darubini: mwewe mwenye mdomo mweusi ni yule wa Ulaya? Nikamwambia tungoje, kwa maana hata mtoto wa mwewe wetu mdomo wake ni mweusi. Tulimtazama siku nne. Siku ya tano alikuwa ameondoka na wenzake kuelekea kaskazini, na mzee akaniambia niandike tarehe.

Anayetaka kuwaona, wiki ya tatu na ya nne ya Oktoba, Menengai, kuanzia saa 4 asubuhi siku ya jua baada ya mvua ya usiku. Geukia kaskazini, tazama chini ya mawingu meupe na si kwenye anga tupu la buluu, ambako jicho halina pa kushika. Beba maji na kofia, na usiweke chakula wazi, nyani wa pale ni wepesi kuliko kipanga.