Nilivyonoa picha ya M51 kwa dikonvolusheni

Ukiipiga picha galaksi ya M51 kwa darubini ndogo, mikono yake miwili utaipata bila shida. Kinachosumbua ni michirizi ya vumbi iliyomo ndani ya mikono hiyo. Kwenye data imo, lakini imefunikwa na ukungu mwembamba usioondoka hata ukiongeza saa za kukusanya mwanga. Sehemu kubwa ya ukungu huo niliiondoa kwa dikonvolusheni, yaani hesabu ya kurudisha mwanga uliosambaa mahali ulikotoka, ndani ya Siril, ambayo ni programu ya bure ya kuchakata picha za anga. Naandika haya kwa sababu maelezo mengi niliyosoma yanahangaika na idadi ya mizunguko ya hesabu hiyo, ilhali kazi yenyewe iko kwenye kupima nyota.

Nyota ziko mbali mno, kwa hiyo kwa darubini kama zetu kila moja ingepaswa kuonekana nukta tupu. Kwenye picha inatoka kidoa. Hewa imeutikisa mwanga wake, kioo chenyewe kimeutawanya, fokasi haikukaa sawasawa, na mashine inayofuatilia anga imeyumba kidogo. Jinsi nukta hiyo ilivyosambaa ndiyo huitwa PSF, na kilichoipata nyota kimeipata pia sehemu ya galaksi iliyo jirani yake. Ukiijua PSF unaweza kurudi kinyumenyume. Programu inakisia picha iliyo kali, inaitia ukungu kwa PSF ileile, inailinganisha na picha uliyopiga, inasahihisha kisio chake, kisha inaanza upya. Hiyo ndiyo njia ya Richardson-Lucy, iliyotokana na kazi ya William Richardson mwaka 1972 na Leon Lucy mwaka 1974. Picha nyingi za Hubble, darubini iliyoko angani, zilisafishwa kwa njia za namna hii tangu kioo chake kilipogundulika kuwa na kasoro mwaka 1990 hadi wanaanga walipokwenda kuirekebisha Desemba 1993.

Darubini yangu ina urefu wa fokasi wa milimita 800 na pikseli za kamera ni mikromita 3.76. Zidisha 3.76 kwa 206.265, gawanya kwa 800, unapata sekunde za tao 0.97 (kipimo cha pembe angani) kwa kila pikseli. Nyota zangu, zikipimwa upana kwenye nusu ya kimo cha mwanga wake, zilikuwa na pikseli 3.6. Hapo ukungu umesambaa juu ya pikseli za kutosha, na programu ina kitu cha kurudisha.

Kazi hii huifanya mapema: fremu zikishaunganishwa, kingo zikishakatwa na mwanga wa anga ukishasawazishwa, lakini kabla ya kuinua mwangaza wa picha. Ukishauinua, nyota hafifu na nyota kali hazina tena umbo moja, na hesabu yote inasimama juu ya umbo hilo moja. Kupunguza chengachenga, yaani punje za mwanga wa kubahatisha zilizotapakaa kwenye picha, nako nakuacha hadi baadaye, kwa sababu kunabadilisha nyota na kuificha chenga ambayo hesabu inahitaji kuiona ilivyo.

Kwenye kuchagua nyota ndiko nilikokaa muda mrefu kuliko kote. Siril inazitafuta yenyewe, lakini haijui ni zipi unazoziamini. Nilizitoa zote zilizojaa mwanga, kwani kilele chake kimekatwa bapa na umbo lake halisi limepotea. Nikazitoa na zile hafifu zilizozama kwenye chenga. Nikabaki na zenye kilele kati ya 0.1 na 0.7, pale ambapo 1 ndiyo kikomo cha kamera. Kisha nikapita moja moja kuangalia walioingia kimakosa, maana mafundo ya gesi kwenye mikono ya galaksi yanaonekana kama nyota kabisa, na machache tu yanatosha kunenepesha PSF. Kati ya fomula mbili za kueleza umbo la nyota nilitumia ya Moffat badala ya Gauss, kwa kuwa mwanga wa nyota uliopita hewani una mkia mrefu pembeni na Gauss inaukata mkia huo mapema. PSF iliyotoka ilikuwa karibu duara, imerefuka kidogo upande mmoja. Sikuilazimisha iwe duara, kwa sababu kurefuka huko ndiko kuyumba kwa mashine yangu, nami nilitaka kuondolewe.

Mizunguko nilianza na 10, nikapanda polepole. Jicho lilikuwa kwenye NGC 5195, galaksi ndogo iliyo pembeni, mahali vumbi la mkono wa M51 linapopita mbele yake. Kabla ya kazi hapo palikuwa na kivuli kimoja kizito. Kwenye mizunguko 20 kivuli kiliachana kikawa michirizi yenye kingo. Nilifurahi, ila furaha si kipimo. Nikachukua picha ya Hubble ya galaksi hiyo iliyotolewa mwaka 2005, nikaipunguza hadi ukubwa wa picha yangu, nikawa nazibadilisha moja juu ya nyingine. Michirizi ilikaa mahali pake. Kwenye mizunguko 60 picha ilionekana kali zaidi, lakini mikono ya nje ilijaa vinundu kama punje, na Hubble haikuwa na hata kimoja. Hiyo ni chenga iliyonolewa. Nikarudi 20.

Zikabaki pete nyeusi kuzunguka nyota kali. Hutokea kwa sababu programu inajaribu kurundika mwanga katikati ya nyota ambayo kilele chake hakipo, kwa hiyo inauchota pembeni kupita kiasi. Dawa yangu ilikuwa kutoitumia picha iliyonolewa kila mahali. Nilitengeneza maski, picha ya kuamua wapi mabadiliko yaingie na wapi yazuiwe, kutokana na mwangaza wa galaksi yenyewe, nikailainisha kingo, nikaziziba nyota kali, kisha kwenye PixelMath, zana ya Siril ya kufanya hesabu kati ya picha, nikaandika M*B + (1-M)*A, ambapo A ni picha ya mwanzo, B iliyonolewa na M maski. Penye mwanga mwingi wa galaksi inatawala B. Kwenye anga tupu na nyota kali inabaki A, na mpito kati yake hauonekani. Upana wa nyota ndogo ulishuka hadi karibu pikseli 2.7.

Haya yote nayafanya kwenye chaneli ya mwangaza peke yake. Rangi inakuja baadaye ikiwa laini, na jicho halilalamiki. Pembe za fremu sizigusi, kwa sababu huko nyota zimevutika kwa namna nyingine na PSF ya katikati haizihusu. Zana za mtandao wa neva (akili bandia) kama BlurXTerminator ya Russell Croman, iliyotoka mwaka 2022, zinazirekebisha hata pembe hizo, tena kwa haraka, na ninaziheshimu. Bado kipimo cha kulinganisha na Hubble nakitumia hata kwa matokeo ya zana hizo.

Kwa picha za lenzi fupi, ambazo nyota nzima haizidi pikseli mbili, siifanyi kazi hii kabisa. Pale kinachozuia undani ni ukubwa wa pikseli zenyewe. Afadhali kukusanya fremu nyingi zilizosogezwa kidogokidogo na kuziunganisha kwa drizzle, njia ya kuunda picha yenye pikseli ndogo zaidi kutokana na fremu hizo, kisha ndipo upime nyota uone kama PSF imeanza kuwa na umbo.